Upande wa Pili wa Kaseti ya Baba Mdogo

Harufu ya risasi inayoyeyuka kwenye chuma cha moto, ikichanganyika na vumbi la pumba, hunirudisha Tunduma ya utoto wangu kuliko picha yoyote. Baba mdogo Lusekelo, mdogo wa baba yangu, alikuwa fundi redio. Chumba chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa mashine ya kusaga mahindi, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mashine ilipokuwa ikinguruma ukuta wote ulitetemeka, na skrubu ndogo alizozipanga kwenye sahani ya bati zilitembea zenyewe kama wadudu. Unga mwembamba uliingia kwenye matundu ya matofali na kutua juu ya kila kitu: juu ya redio zilizofunguliwa matumbo, juu ya nyusi zake, juu ya santuri alizozipenda kuliko chakula. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mpakani kila kitu kimeanza kupita kwa wazi, mitumba, sabuni, betri, kaseti, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuweza kuona kifuniko bila kutaka kukifungua. Walimu walikuwa wamechoshwa na maswali yangu. Baba mdogo alinipa bisibisi na kuniambia nijibu mwenyewe.

Tulihamia Tunduma kutoka vilima vya Ileje, upande wa Itumba, kwa sababu moja tu. Baba alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba nilipokuwa na miaka mitano. Barua zake zilikuja kwa miaka miwili, kisha zikakoma. Mama akafunga mizigo, akanishika mkono, akaja kukaa mahali ambapo watu wengi watokao Zambia hupita. Alipika ugali na maharage kwenye maegesho ya malori, na kila dereva aliyeketi kwenye benchi lake aliulizwa swali lile lile baada ya kunawa mikono. Katika ukoo wetu, mtu akinyamaza muda mrefu hivyo, wakubwa hukaa na kuamua. Wakikubaliana kwamba amekufa, hukatwa mgomba wenye urefu wake, hufungwa shuka, huzikwa kwa kilio na kwa unga wa msiba kama maiti ya kweli. Baada ya hapo mjane hukabidhiwa kwa mdogo wa marehemu, hurudi kwenye mashamba ya ukoo, na watoto huenda naye. Mara mbili baba mkubwa, kaka wa kwanza wa baba, alituma ujumbe kwamba wakati umefika. Mara mbili Mama alijibu kwa maneno mawili: sijaona kaburi. Hata mimi nilielewa jambo hilo. Siku ambayo baba angehesabiwa amekufa, Mama asingekuwa tena na nyumba yake mwenyewe, na mwanamume ambaye angepewa, apende asipende, alikuwa baba mdogo Lusekelo.

Baba mdogo hakuonekana kuwaza hayo hata kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaoa, na kichwa chake kilikuwa kimejaa muziki wa vijana wa ng'ambo, wale waliopiga gitaa la umeme kwa mngurumo kama chuma kinachosagwa. Katika santuri zake kulikuwa na moja ya wazungu ambayo upande wake wote ulikuwa wimbo mmoja. Hatukujua Kiingereza cha kutosha kuelewa maneno, lakini tulisikia kwamba ilikuwa hadithi: sauti fulani ya kinanda ilipita mwanzoni, ikapotea, ikarudi baadaye ikiwa imechoka, kama mtu uliyemwona asubuhi akienda shamba na sasa anarejea. Baba mdogo aliisikiliza mpaka sindano ikawa inachimba. Kisha akasema atatengeneza kaseti nzima ya namna hiyo kwa Kiswahili. Ingekuwa wimbo mmoja wa saa nzima, pande zote mbili, juu ya mtu anayevuka mpaka, anashuka mgodini, na huko chini anaanza kusikia sauti za nyumbani ndani ya mwamba. Aliipa jina la Aliyeshuka. Alisema ni habari ya mtu fulani tu. Hakuna aliyemuuliza mtu huyo ni nani.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Baba mdogo alipiga kinanda kidogo cha umeme alichokifufua baada ya kukinunua kikiwa kimekufa. Gitaa lilipigwa na Mzambia mmoja mrefu ambaye sote tulimwita BashiMutale, yaani baba yake Mutale, kwa heshima ya Kibemba. Alikuwa amepiga muziki Kitwe enzi za ujana wake, na sasa aliuza vitenge mpakani. Baba mdogo alimtengenezea kisanduku cha kukoroga sauti kutoka kwenye redio mbovu, na alipokikanyaga, kuku wa mwenye mashine walikimbilia barabarani. Ngoma zilipigwa na Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia bonde la Momba na ng'ombe wao. Masanja ndiye aliyepata kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu baba mdogo alitaka sehemu ya kushuka mgodini ihesabiwe saba saba, ili msikilizaji ahisi ngazi moja imekosekana. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo ya mahindi, na wateja wa mashine walisimama mlangoni wakiwa na debe kichwani, wakijaribu kucheza, wakijikwaa.

"We Msukuma, ngoma yako ina mguu mbovu," mama mmoja alimwambia.

"Ndivyo alivyotaka fundi, mama. Mimi kwetu ng'ombe akitembea hivi tunamchinja."

"Basi mchinjeni fundi."

Mimi niliingia kwa sababu hadithi ilihitaji mtoto. Mtu wa hadithi alipokuwa chini ya ardhi, sauti ya kwanza kumfikia ilikuwa ya binti yake, na mwanakwaya aliyekuwa ameahidi kuimba alijitoa baada ya kusikia kisanduku cha BashiMutale. Nilikuwa nakaa pale kila siku baada ya shule, na nyakati nyingine badala ya shule, nikiujua muziki wote kwa moyo. Baba mdogo aliniambia nijaribu, nikajaribu, na BashiMutale akaacha kupiga gitaa ili asikie vizuri. Sijawahi tena maishani mwangu kuhisi kwamba mahali fulani pananihitaji namna ile. Nilikuwa naimba mistari kumi na sita upande wa kwanza, na sehemu yote ya mwisho upande wa pili. Shida ilikuwa kwamba kwa wiki nyingi sehemu hiyo ya mwisho haikuwepo. Mtu wetu alishuka, akasikia sauti, mwamba ukatikisika, na hapo daftari la baba mdogo likaishia.

BashiMutale alitaka atoke. "Watu wakae saa nzima kwenye giza, halafu usiwape jua? Awe, mukwai, hapana. Mtoe mtu huyo." Masanja alisema waachie hapo hapo, kila mtu amalizie mwenyewe nyumbani. Baba mdogo alizunguka siku tatu bila kugusa redio ya mtu. Siku ya nne alikuja na karatasi, na ndani yake mtu yule amekufa, na binti yake anamlilia kwa kilio cha wanawake wa vilima vyetu, polepole, juu ya kinanda peke yake, na kinanda kile kinarudia sauti ya mwanzo kabisa ikiwa imeshushwa. Nilipoimba mara ya kwanza, hata wenye debe mlangoni waliacha kucheza. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu anayeweza kusikia kosa dogo kwenye waya kutoka nje ya nyumba, lakini hakusikia alichokuwa ameandika: kwamba ni yeye, mrithi, aliyekuwa ameketi na kumuua kaka yake kwa kalamu.

Mama alisikia. Alikuwa amekuja mchana na bakuli la maharage kwa wapigaji, akasimama nyuma ya magunia mpaka nilipomaliza. Aliweka bakuli chini kwa uangalifu kabla ya kusema.

"Shemeji, huyo aliyekufa ni nani?"

"Ni mtu wa kwenye wimbo tu, Mama Tumpe."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Anaitwa nani?"

 Baba mdogo hakuwa amempa mke jina.

"Basi mtafutie jina," Mama alisema. "Usipompa, watu watampa langu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe toka hapo. Mtoto wangu haimbi msiba wa baba yake."

Nilikatazwa, na nilikatazwa mbele ya watu, na kwa wiki mbili sikukanyaga stoo ile. Lakini nilijua siku ya kurekodi. Ilikuwa lazima iwe Jumapili asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku pekee mashine ya kusaga ilizimwa. Hakukuwa na namna ya kukata na kuunga. Maikrofoni mbili, redio kaseti moja, kaseti ya dakika sitini: nusu saa ipigwe mfululizo bila kosa, kaseti igeuzwe, nusu saa nyingine ipigwe. Mtu akikohoa mwishoni, wanarudi mwanzo wa upande ule. Jumapili ile nilitoka nyumbani na Mama kwenda kanisani, nikakaa mpaka wimbo wa pili, nikainama kama ninayekwenda chooni, nikakimbia. Walikuwa wametandika magodoro ukutani na magunia matupu mlangoni. Baba mdogo aliponiona aliangalia saa, hakuniuliza kama nimeruhusiwa. Kwa hilo nilimlaumu nilipokuwa mtu mzima. Siku ile nilimshukuru.

Upande wa kwanza ulipatikana mara ya pili. Upande wa pili uliharibika mara ya kwanza kwa honi ya lori, mara ya pili kwa sababu Masanja alihesabu nane. Betri za gari tulizotegemea zilikuwa zimeanza kulegea, na baba mdogo alisema kwa sauti ndogo kwamba zimebaki na nguvu za safari moja. Jasho lilimtiririka hadi kwenye vibonyezo. Mara ya tatu tukavuka mwamba, tukavuka mtikisiko, gitaa likafa polepole kama tulivyopanga, kikabaki kinanda, na mimi. Karatasi ilisema niite "baba" mara nne. Nikaita mara mbili. Mara ya tatu, sijui kwa nini, nilifanya nilichowaona bibi zangu wakifanya kwenye misiba yote niliyowahi kupelekwa: nikaita jina la ukoo, lile refu linalotaja mlima tuliotoka. Jina hilo haliitwi kwenye harusi wala kwenye ubatizo. Linaitwa maiti ikiwa ndani. Sitaliandika hapa pia. Nililiita kwa sababu kilio bila jina hilo kilisikika kitupu masikioni mwangu, na kwa sababu machozi yalikuwa ya kweli. Kitufe kikaruka chenyewe, kaseti imeisha. Masanja na BashiMutale hawakujua maana yake. Baba mdogo alijua. Aliitoa kaseti, akasema, "Hakuna betri ya kurudia."

Alizirudufu kaseti ishirini hivi na kuzisambaza kwenye vibanda. Mwenye kibanda cha stendi alizigeuzageuza mkononi.

"Nyimbo ngapi humu?"

"Mmoja."

"Na upande wa pili?"

"Ndio huo huo, unaendelea."

"Fundi, mimi nauza muziki. Hii ni safari ya Dar es Salaam."

Alikubali kuchukua tano kwa sababu baba mdogo alikuwa amemtengenezea spika bure. Kwa siku chache ilionekana kazi yetu imekufa. Wenye baa walirudisha wakisema haina mahali pa kucheza. Mzee mmoja wa kanisa alisema gitaa lile lina pepo. Lakini mwenye kibanda aligundua jambo: akiipeleka kaseti mbele hadi mwisho wa upande wa pili, abiria husimama. Wanaweka mizigo chini. Hivyo akawa anapiga mwisho ule tu, kutwa nzima, kwenye spika ya nje, mahali yanapopakiwa magari ya Ileje. Miongoni mwa abiria walikuwapo watu wa kwetu. Walichosikia hakikuwa wimbo. Walisikia mtoto wa ukoo wao akimlilia baba kwa jina linaloitwa siku ya msiba, na wakapanda gari kupeleka habari Itumba.

Walifika Alhamisi asubuhi. Mama alikuwa anasugua sufuria nje. Kwanza tulisikia vilio kutoka upande wa barabara, kisha wakatokea, watu kumi na watano au zaidi, wanawake wakiwa na unga na maharage vichwani, vijana na kuni, na nyuma kabisa wawili wamebeba mgomba uliofungwa kwa majani. Baba mkubwa alitangulia kwa fimbo yake. Sufuria ilimtoka Mama mikononi. Alikaa chini kwenye maji machafu, miguu imenyooka mbele kama mtoto, na alipouliza, sauti yake ilikuwa nyembamba nisiyoijua.

"Mmepata habari wapi? Nani amemwona?"

Baba mkubwa alishangaa. "Habari imetoka kwako, mwanangu. Mtoto ameita."

Mama alinitazama. Sikuwahi kupigwa naye, na siku ile pia hakunipiga, lakini nimepita mahali pengi tangu wakati huo nikiwa nimebeba macho yale.

Baba mdogo aliitwa. Alikuja na redio kaseti na kaseti ya asili, akaeleza kwamba ni muziki, ni hadithi, hakuna aliyekufa. Baba mkubwa hakutaka maelezo, alitaka kusikia. Basi watu wale wakaketi uani na vifurushi vyao vya msiba, na Aliyeshuka ikapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Nadhani walikuwa watu wa kwanza kuisikiliza yote bila kuondoka. Waliisikiliza kama wazee wanavyomsikiliza shahidi. Kwenye ngoma ya saba saba bibi mmoja alitikisa kichwa, akasema kwamba huyo anayetembea hivyo anajua harudi. Kilio changu kilipokwisha, baba mkubwa alisafisha koo.

"Lusekelo, kaka yako umemshusha, umemwangushia jiwe, umemliza kwa mdomo wa mtoto wake. Na anayerithi ni wewe. Unataka tuelewe nini?"

"Sikuwaza hilo, kaka. Niliwaza wimbo."

"Sisi hatukuletewa wimbo. Na unga wa msiba ukishatoka nyumbani haurudi, unalijua hilo. Mgomba umekatwa. Aidha tunazika leo, au kilio hiki kinafutwa nanyi mliokileta, mbele yetu."

Kaseti ya asili ilikuwa moja tu. Baba mdogo aliishika, na niliona jinsi kidole gumba chake kilivyopapasa kona yake. Akizuia, mgomba unazikwa na Mama anakabidhiwa kwake. Akifuta, kazi ya mwaka mzima inabaki bila mwisho, na betri, na BashiMutale anayetaka kurudi kwao, visingemruhusu kuurekodi upya. Alirudisha kaseti nyuma mpaka kilio kinapoanza, akaiweka redio kwenye kinu kilichopinduliwa mbele ya Mama.

"Shemeji, futa wewe. Bonyeza viwili hivi kwa pamoja. Lakini ujue, redio hii ina maikrofoni ndani. Inapofuta, inasikia."

Mama alikuwa ameshasimama, khanga yake imelowa. Alibonyeza. Kaseti ikala sauti za kuku, na lori likipiga gia kule barabarani. Kisha Mama aliinama karibu, kama anayezungumza na mtu mfupi. Hakuimba. Alisema jina la baba, lile la nyumbani, si lile la ukoo. Alisema, "Mimi niko Tunduma, karibu na mashine ya kusaga. Tumpe amekuwa mkubwa. Mimi ni mke wako, sijakabidhiwa kwa mtu. Ukichelewa, chelewa." Akawageukia wageni, na hilo nalo liko kwenye kaseti: "Unga hauwezi kurudi, basi upikwe. Leteni hizo kuni. Madereva wangu watakula, na ninyi mtakula. Huo mgomba mpeni mwenye mbuzi." Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na kicheko chao kikakatika kitufe kiliporuka.

Hivyo ndivyo kazi ya baba mdogo ilivyopata mwisho wake. Alizikusanya nakala za kwanza kadiri alivyoweza na kurudufu upya, na madereva, ambao walimjua mama wa benchi, wakazibeba. Kaseti isiyo na mahali pa kucheza ilifika Kitwe, Ndola, Lusaka, ikisikilizwa kwenye vyumba vya malori na watu wenye saa nyingi za kupoteza. Walirudi wakisema huwa wanangoja upande wa pili, mpaka yule mama azungumze. Hakuna aliyerudi na baba. Ukoo haukutuma ujumbe tena. Baba mdogo alioa mwalimu wa Vwawa na hakutengeneza kaseti nyingine. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata, na tangu hapo nimeosha mchanga wa dhahabu Mkwajuni, nimeuza mahindi ya kuchoma Nanyala kwa abiria wa barabara kuu, nimeendesha mashine ya kusaga, nimekaa ng'ambo bila kibali na kurudi. Siku hizi nikinyamaza siku mbili, simu inaita. Nikinyamaza wiki, watu wananitangaza kwenye vikundi vya simu. Mpwa wangu wa kike, mjukuu wa baba mkubwa, mwaka jana alimkataa mume aliyechaguliwa, akamwambia babu yake kwa mdomo wake, akiwa ameketi kitini, na mambo yakaishia kwenye manung'uniko.

Mwaka jana nilikaa na Mama mwezi mzima. Bado yuko Tunduma, nyumba ni yake, ya matofali ya kuchoma. Nilimuuliza, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuogopa kuuliza, kama siku ile aliamini baba yu hai. Alikuwa anapepeta maharage. Alisema alijua amekufa tangu mvua za mwaka ule barua zilipokoma. Dereva mmoja alimwambia waziwazi, jina la mgodi na kila kitu, hata kabla sijaanza kuimba.

"Sasa kwa nini siku ile ulikaa kwenye maji?"

"Kwa sababu nilidhani na wao wamejua."

Alipuliza makapi, akaendelea.  Mpwa wangu alihitaji sentensi moja tu kukataa. Mama yangu alihitaji kumweka mwanamume hai kwa miaka yote hii, peke yake, bila kumlilia hata mara moja.